Pawa Tuu, Alisema Daktari

Ukija kibandani kwangu na flashi yako ukaniuliza, "Kaka Kizito, nianze na ipi?", sitakuuliza unapenda nini. Watu hawajui wanachopenda. Nitakuangalia usoni tu. Ukiwa na haraka nitakupa za ngumi. Ukiwa umeachwa nitakupa za Kikorea, ulie umalize. Ukiwa na sura ya mtu mwenye jambo zito la kusubiri, nitakupa Vyuma.

Jina lake la Kijapani ni refu, hata mimi ninayeliuza linanishinda. Hapa Sumbawanga tunaiita Vyuma, basi. Ni katuni ya jeshi, ila usiseme katuni mbele ya wateja wangu, watakutoa nje. Sema anime. Kuna jeshi limebanwa kwenye nyanda za juu zenye baridi kali, linalinda barabara moja iliyobaki. Wanajeshi wake wanapigana wakiwa ndani ya mashine za chuma zenye umbo la mtu, ndefu kama mnara wa kanisa. Dereva anakaa kifuani. Juu ya kifua kuna taa tano za buluu, na kila mashine ikiumia, taa moja inazimika. Ikizimika ya tano, mlango wa kifua haufunguki tena. Dereva anabaki humo.

Shika hilo la taa. Ndilo lililotaka kuniua.

Haya naandika kwa ajili yenu mlioambiwa juzi kwamba mna kifua kikuu cha uti wa mgongo. Najua mpo, maana Nesi Gaudensia wa wodini ananitumia wengine, mnakuja kibandani na mkanda mgumu chini ya shati mkidhani sioni. Nauona. Nimeuvaa.

Kwangu ugonjwa ulianza msimu wa mahindi mabichi. Maumivu yalikuwa mgongoni katikati, pale ambapo mkono haufiki ukitaka kujikuna. Nikasema ni kiti. Kazi yangu ni kukaa: mteja analeta flashi au memori kadi, namrushia muvi, anaondoka, mimi nabaki nimekaa. Oresta, mke wangu, akaniletea mto. Nikanunua dawa ya kuchua, akanichua mpaka ngozi ikawasha, maumivu yako palepale. Asubuhi ndiyo ilikuwa balaa. Naamka nimechoka kama nimepiga jembe heka nzima.

Sasa maneno hayohayo nikaenda kumwambia mama.

Mama yangu ni mkulima wa Mollo, mahindi na ulezi. Ni Mkatoliki haswa, jumuiya hakosi, rozari iko shingoni hata akiwa anapalilia. Lakini ni Mfipa wa siku nyingi. Ukimwambia Mfipa wa umri wake kwamba unaamka na mgongo unauma utadhani umelima, yeye hasikii habari za mgongo. Anasikia kwamba kuna mtu anakuchukua usingizini na kukulimisha shamba lake.

"Nani anakulimisha?" akaniuliza, jembe bado liko mkononi.

"Mama, ni kiti tu."

"Kiti kinalima?"

Watu wa mikoa mingine hututania sana. Ukisema unatoka Sumbawanga wanakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo. Huwa tunacheka nao. Lakini mgongo ukiuma kutoka mahindi mabichi hadi mahindi makavu, utani ule unaacha kuchekesha. Nikaanza kuwaangalia majirani wa mama wenye mashamba mazuri, nikijiuliza ni lipi ninalolima mimi.

Kisha miguu. Mwanzoni ndala ilinivuka bila mimi kujua, nikatembea hatua kadhaa nikiwa na mguu mmoja pekupeku, mpaka mtoto wangu Neema akacheka. Baadaye ganzi ikapanda hadi magotini. Siku niliyoanguka mbele ya kibanda nikiwa nimebeba spika, Oresta hakuuliza mtu. Aliita bajaji ya kwenda hospitali, tukaambiwa turudi siku ya picha ya mgongo.

Nyumbani kukawaka moto. Mama alitaka nipelekwe Kabwe, huko ziwani, kuna mtu amesikia anatazama mambo ya kulimishwa. Oresta akasema mume wake hapelekwi kokote kabla ya picha ya mgongo. Mama akamwambia, "Wewe umemkuta, mimi nimemzaa." Oresta akajibu, "Ndiyo, na mimi ndiye ninayemgeuza kitandani." Walikaa wiki nzima wakipishana mlangoni bila kusalimiana vizuri, nami nimelala katikati yao nasikia kila kitu. Hilo liliniuma kuliko mgongo, nasema kweli.

Hospitali tulikaa benchi la nje, baridi ya Ufipa ile ya mwezi wa sita, upepo unapita chini ya benchi unakupiga usipotegemea. Kila mmoja kajifunga blanketi kama yuko kwake. Usije bila blanketi, na usije bila kitu cha kuangalia. Hapo ndipo nilipoanza kuirudia Vyuma kwenye simu yangu, kipande cha kwanza, ingawa naijua kwa moyo. Mlango ukifunguliwa wote tunanyanyua vichwa, jina likiitwa si lako, wote tunainamisha. Picha ilipotoka, daktari akanionyesha pingili mbili zilizoliwa. Zimeliwa, ndivyo alivyosema. Nikamwangalia mama. Mama akaangalia chini.

Nikalazwa. Nikaanza vidonge. Wasikufiche: mkojo utakuwa mwekundu. Mimi niliambiwa, lakini mama hakuambiwa, na alipoona mfuko wa mpira wa mkojo ukiwa na rangi ile alipiga ukunga wodi nzima ikaamka. Nesi Gaudensia akaja mbio. Ni binti mdogo, mwembamba, mkali.

"Mama, hiyo ni rangi ya dawa."

"Dawa gani inamtoa mtu damu?"

"Ingekuwa damu mimi nisingekuwa nimesimama hapa nacheka na wewe."

Hakuwa anacheka, lakini mama alikubali kukaa.

Kitanda cha jirani yangu alikuwepo Afande. Jina lake lingine sikuwahi kulitumia. Mzee wa Kaengesa, alipigana Uganda akiwa kijana asiye na ndevu, na mpaka leo akikuamkia unahisi umechelewa gwaride. Naye alikuwa na ugonjwa huohuo, umemshika juu zaidi. Siku ya kwanza aliniona na simu usoni akasema, "Kijana, unaangalia nini saa zote kama mlinzi?"

"Shikamoo Afande. Naangalia vita."

"Marahaba. Vita gani? Sogeza hapa."

Basi nikapata mgeni wa kumwingiza kwenye Vyuma, na ndiye mgeni mgumu kuliko wote niliowahi kuwapata. Maneno ya chini ni ya Kiingereza, yeye hasomi Kiingereza, na ile nakala iliyotafsiriwa na ma-DJ nilikataa kumpa. Nawaambia na ninyi: msianze na iliyotafsiriwa. Yule DJ anayesimulia juu ya picha anachekesha penye msiba. Kwa hiyo nikawa namtafsiria mwenyewe, kitanda kwa kitanda.

Alikosoa kila kitu. "Jeshi gani hili halina jiko? Sijaona mtu anakunywa chai." Kipande cha pili, ambacho wageni wengi hukimbia kwa sababu makamanda wanakaa kikao mwanzo mwisho, yeye alikipenda. "Hawa wanagombania petroli. Sasa naona ni vita kweli." Cha tano, ambacho hakuna risasi hata moja, wanajeshi wamekaa tu ndani ya vyuma vyao theluji inawafunika wakisubiri amri, alikiangalia bila kupepesa. Mwisho akasema, "Huyo aliyetunga amewahi kusubiri." Mgeni akikuambia maneno hayo, huyo hatoki tena. Amenasa.

Mama naye alikuwa anachungulia. Siku moja aliona dereva anafungiwa kifuani, mikanda inambana, macho ya mashine yanawaka. Akaacha kumenya chungwa.

"Huyo aliyemo humo, anajua kwamba amechukuliwa?"

"Hajachukuliwa mama, anaendesha."

"Anaendesha wapi, wakati amefungwa?" Akatikisa kichwa. "Kumbe hata Wajapani wanalimishwa."

Afande alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka vizuri. Nilikuwa nimevishwa mkanda mgumu kutoka kwapani hadi nyongani, mkanda ambao manesi wanauita jaketi, na nilikuwa nimelala chali siwezi kugeuka bila watu wawili.

Sasa nifike kwenye taa.

Asubuhi daktari alikuwa anapita na wenzake wanaojifunza. Anakukunjua blanketi, anakuambia inua mguu, sukuma mkono wangu, vuta. Halafu anawaambia wenzake kwa Kiingereza, na mmoja anaandika. Siku hiyo aliposukuma miguu yangu alisema, "Pawa tuu."

Mama alikuwa pembeni. Uso ulimng'aa! Daktari akiwa hajafika hata kitanda cha pili, mama ameshanishika mkono. "Umesikia? Pawa tu! Nguvu tu, mwanangu! Nguvu tupu!" Akatoka nje kumpigia Oresta. Walikuwa wamegombana siku nyingi, lakini siku hiyo alimpigia yeye, akamwambia daktari kasema pawa tu, na nasikia wote wawili walilia kwenye simu.

Mimi nilibaki nimetazama dari. Maana mimi Kiingereza nakijua. Nimekisoma chini ya picha miaka yote hii, na kwa sehemu kubwa nimekisoma kwenye vita. Hakusema nguvu tu. Alisema nguvu ni mbili. Na kwenye Vyuma ni neno hilohilo: dereva anaita kituoni, anasema pawa tano, pawa nne, pawa tatu. Mbili, na mashine imeanza kupiga magoti.

Ningemuuliza daktari, angenijibu kwa dakika moja. Sikuuliza! Fundi wa Kiingereza, nimuulize nini? Nilijiona nimenasa siri ambayo wodi nzima haina. Na kwa kuwa sikutaka kumpokonya mama furaha yake, nilinyamaza. Akija anasema, "Pawa tu, baba," najibu, "Pawa tu, mama."

Kuanzia hapo nilikuwa namsubiri daktari kwa hofu ambayo siwezi kuieleza. Nasikia viatu vyake toka mlangoni. Mchana najaribu kusogeza kidole gumba cha mguu, nakitazama, nakiamuru kama Afande anavyoamuru, kimelala tu kama si changu. Mahindi yalikuwa yanavunwa huko nje, mama anakuja na makapi kwenye kilemba, ana harufu ya shamba, na mimi nawaza kwamba mavuno haya ndiyo ya mwisho kuyanusa.

"Pawa wani," akasema daktari wiki iliyofuata.

Siku hiyohiyo, kwenye kitanda cha Afande, alisukuma, akavuta, akachoma kwa pini nyayoni. Afande alikuwa anatazama ukutani, hajui anachomwa. Daktari akasema taratibu, "Pawa ziro."

Nilipoamka kesho yake alfajiri, kitanda cha Afande kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa mara mbili, shuka hakuna, kikombe chake cha bati hakuna. Mwangaza wa dirishani ulikuwa unaingia kwenye zile waya za kitanda. Mtu wa usafi anapiga deki chini yake.

"Afande yuko wapi?" nikamuuliza.

"Wamemchukua," akasema, akaendelea na deki.

Mnaelewa jinsi neno hilo linavyosikika kwetu. Sikuuliza tena. Sikutaka kuuliza. Nililivuta blanketi kichwani nikajificha, na sikuona haya.

Baada ya hapo sikuwasha Vyuma tena. Nilijua inavyoisha. Kipande cha mwisho, yule sajenti ambaye wote tunampenda anabaki nyuma peke yake kuzuia barabara, theluji inaanguka, taa ya tano inazimika, mlango umejifunga, wimbo unaanza, mwisho. Nimeuza mwisho huo kwa nusu ya vijana wa mji huu. Wengine wamerudi kibandani kunilalamikia, "Kaka, wamemuuaje sajenti?" Nawaambia ndiyo vita.

Wiki iliyofuata daktari alisukuma miguu yangu, alivuta, akachoma. Sikusikia kitu. Nikamwangalia mdomo.

"Pawa ziro."

Mama alikuwepo. Uso ukamshuka. "Ziro?" Neno hilo analijua. Mdogo wangu aliwahi kuleta ziro ya kidato cha nne. "Kizito, kwani kulikuwa na mtihani?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, taa, pawa, Afande, mlango usiofunguka. Nikamwambia tuu ilikuwa mbili, haikuwa tu. Alinisikiliza akiwa amesimama, kanga ameikunja mkononi. Hakulia. Akasema, "Basi twende nyumbani. Usifie kwa watu."

Na mimi nilikubali. Nataka mnielewe vizuri hapa, ninyi mliovaa mkanda. Nilikubali kwa moyo mwepesi kabisa. Asubuhi ile nilipoletewa vidonge nilisema sivitaki, mtu wa ziro vidonge vya nini. Nilichotaka ni kulala Mollo, nisikie watu wanapura ulezi, mlango ujifunge nikiwa kwetu.

Mama alipata gari kwa Mwarabu wa duka la jumla, yule anayempelekea ulezi kila mwaka. Likaja mpaka mlango wa wodi. Oresta akafika anahema, katokea kibandani, amesimama mbele ya kitanda ameinua mikono. "Hatoki mtu hapa!" Mama akamwambia, "Kizito mwenyewe kasema." Oresta akanigeukia. "Baba Neema, umesema?" Nikasema nimesema. Akakaa chini sakafuni, palepale, kanga ikamvuka kichwani. Sijawahi kumwona amekaa hivyo, na sitaki kumwona tena.

Nesi Gaudensia akaja na trei ya dawa. Akaona kabuti nimevaa juu ya jaketi.

"Kaka Kizito, hii safari ya wapi?"

"Nyumbani. Nimefika ziro."

"Umefika ziro, ndiyo. Sasa?"

"Sasa kama Afande."

"Afande amefanyaje?"

Mama akasema badala yangu, "Amefariki."

Nesi akaweka trei chini. Akatuangalia mmoja mmoja, mimi, mama, Oresta sakafuni. Halafu akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akaweka sauti kubwa. Ikaita sana. Ikapokelewa.

"Nani?" Sauti ya gwaride.

"Afande, ni Nesi Gaudensia wa Sumbawanga. Kizito hapa anasema ulifika ziro, kwa hiyo umekufa."

Akafoka: "Mwambie ziro anaongea. Niko Mbeya, nasubiri kupasuliwa. Gari lilinichukua alfajiri, yeye anakoroma. Na mwambie kipande cha saba amenikatia katikati, sijui daraja lililipuliwa au vipi."

Mama alijishika mdomo. Oresta alianza kucheka huku analia, kisha akaacha kucheka akalia tu. Mimi nilisema, "Shikamoo Afande."

Nesi alipozima simu alivuta kiti, jambo ambalo hana muda nalo, akanishika goti. "Pawa ni nguvu ya mguu. Wanaipima toka ziro hadi tano. Inashuka, na inaweza kupanda. Si roho yako inayopimwa. Nani alikuambia ziro ni kufa?"

Nikasema, kwa aibu, kwamba ni Vyuma.

"Vyuma?" Macho yakamtoka. "Unaangalia Vyuma? Sasa na sajenti mbona hafi?"

"Nesi, nimeiuza mimi. Anakufa."

"Uliangalia baada ya wimbo?"

Jamani. Kazi yetu ina ufundi wake. Memori kadi ni ndogo, mteja anataka msimu wote uingie, kwa hiyo kila kipande wimbo wa mwisho ukianza tu, mimi nakata. Nimekata nyimbo miaka yote na wateja wananishukuru, kwa Kizito vinaingia vingi. Sijawahi kuona kilichopo nyuma ya wimbo. Na kwa kuwa wanavichukua kwangu, hakuna kijana wa mtaa wetu aliyewahi kuona.

Nesi alikuwa na nakala nzima aliyoipata alikosoma. Akaniwekea kwenye simu yake, akaenda zake na trei, akiwa ameshanimezesha vidonge mbele ya macho yake. Tuliangalia watatu, mama, Oresta na mimi, kabuti bado nimelivaa, dereva wa Mwarabu anapiga honi nje. Wimbo ulipita wote. Kisha kiza. Kisha theluji, mashine imekaa imeinama, imefunikwa mpaka mabega. Picha haisogei. Ukiwa na haraka utadhani imekwama. Halafu kifuani, chini ya theluji, taa moja ikawaka buluu, ikafifia, ikawaka.

"Wani," akasema mama.

Akatoka kwenda kumwambia dereva aondoke.

Sitawadanganya kwamba kesho yake nilisimama. Nilikaa ziro. Mavuno yakaisha, baridi ikaisha, mashamba yakachomwa, moshi unaingia madirishani. Nikapata kidonda cha kulalia nyongani, na Oresta ndiye aliyekisafisha mchana, mama usiku, wamegawana zamu bila kugombana. Siku moja nilimsikia mama akimfundisha mke wangu wimbo wa kumbembelezea Neema kwa Kifipa, wote wawili wameegemea kitanda changu kama meza. Huo ndio wakati nilipoanza kupata usingizi.

Mvua ya kwanza ilinikuta ningali nimelala. Ilipiga bati, na mimi nikiwa sifikirii kitu, kidole gumba cha mguu wa kulia kikajikunja. Sikukiamuru. Nikamwita nesi kwa kelele hata akadhani nimeanguka.

"Pawa wani," akasema daktari kesho yake, na wodi nzima ikapiga makofi, hata wasiojua ni nini.

Awamu ya pili ya dawa niliimalizia nyumbani. Mvua zilipokolea nilikuwa tuu, na mama akarudisha neno lake, akipita anatangaza, "Pawa tu!" na sasa ni kweli kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Msimu wa mahindi mabichi uliofuata nilikuwa natembea kwa mkongojo. Leo mguu wa kulia ni tano. Wa kushoto umegoma kwenye nne, ndala bado inanivuka. Nimeshaacha kuusubiri.

Nyimbo sikati tena. Wateja wananuna, wanasema kwa Kizito siku hizi vinaingia vichache. Waende kwingine.

Afande alipasuliwa, akarudi Kaengesa. Miguu yake haikurudi. Juzijuzi nilikwenda kwake, nikashuka kwenye pikipiki nikatembea mwenyewe mpaka mlangoni, na nikajisikia vibaya kutembea mbele yake. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, kikombe chake cha bati kiko pale pale. "Umechelewa," akasema. Vilivyotangulia nilikuwa nimemtafsiria kwa simu, amebakiza kipande cha mwisho, na hicho alikataa kukiangalia bila mtafsiri kando yake.

Tukakiangalia. Taa ya tano ikazimika, mlango ukajifunga, wimbo ukaanza. Akanyoosha kidole kuzima. Nikamshika mkono.

"Subiri, Afande."

Akasubiri. Mwanga wa simu uko usoni kwake. Wimbo ukaimba mpaka mwisho, kikaja kiza, ikaja theluji. Taa ikawaka. Afande alitazama simu, kisha akatazama miguu yake chini ya blanketi, muda mrefu, macho makali kama anakagua askari wawili waliochelewa.

"Wimbo mrefu huu," akasema.

Nikamwambia ndiyo Afande, ni mrefu. Akaniambia niurudishe mwanzo.